SOMO LA WANACHAMA: SAMAKI WAKIPUNGUA, KAMATI YA BUNGE IANZIE WAPI?

Ndugu Wanachama,

Huenda baadhi yenu wakauliza kwa nini jarida la wakulima wa karafuu limeacha makonyo na majamvi likaingia habari za samaki. Jawabu si gumu. Mkarafuu hauchumwi mwaka mzima. Karafuu zikishaanikwa na kuuzwa, wako vijana wetu wengi wanaopakia nyavu zao wakavuka kwenda dago upande wa Mrima. Mojawapo ya pwani wanazozijua vizuri ni ile ya Mwera, katika wilaya ya Pangani, mkoa wa Tanga: ng'ambo ya kusini ya mto, ukishapita Bweni, penye mashamba ya mkonge na minazi, na ufuko wa Ushongo karibu yake. Fedha ya dago ndiyo inayolipia palizi ya shamba la baba na ada za skuli za wadogo. Kwa hivyo samaki wakipungua Mwera, nyumba zetu kisiwani hujua.

Na kila mara samaki wanapopungua, utasikia barazani: "Iundwe kamati ichunguze." Neno hili ni jema, lakini kamati ni kama jembe: kazi yake hutegemea mkono ulioshika mpini. Kamati iliyopangwa vibaya hutembea siku tatu, hula pilau, hupiga picha ufukweni, kisha huandika kuwa wavuvi ni wengi na elimu ni ndogo. Somo letu la leo ni juu ya namna kamati ya Bunge ipasavyo kuupanga uchunguzi wake kabla haijafunga safari. Twalileta kwenu kwa sababu mtu anayejua uchunguzi mwema ulivyo ndiye awezaye kuudai, na ndiye awezaye kuutolea ushahidi wa maana.

1. KAMATI NI NINI, NA NI YA NANI

Kamati ya Bunge ni wabunge wachache waliotumwa na wenzao kutazama jambo kwa karibu na kurudi na taarifa. Hupewa hadidu za rejea, yaani orodha ya mambo waliyoagizwa kuyatazama, na wasitoke nje ya hayo. Wana uwezo wa kuita mashahidi na kutaka hati. Hawana uwezo wa kumfunga mtu, wala wa kufungua bahari au kuifunga. Nguvu yao yote imo katika taarifa watakayoisoma mbele ya Bunge.

Mfano upo. Mwezi wa Novemba 2017 Spika wa wakati ule, Bwana Job Ndugai, aliunda kamati maalum ya kuchunguza uvuvi wa bahari kuu, na mwezi wa Juni 2018 taarifa yake ilikabidhiwa. Kamati ile ilitazama meli kubwa za mbali na mapato ya taifa. Haikuagizwa kumtazama kamba wa mikokoni wala changu wa mwambani. Hatuilaumu, kwa maana kila kamati huvuna shamba ililopewa. Lakini twajifunza kuwa anayeandika hadidu za rejea ndiye anayechagua ni samaki yupi atakayeulizwa habari zake.

Jambo jingine yafaa lijulikane. Uvuvi wa karibu na pwani si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2010, na Bara ina Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003. Kijana wa Pemba akipiga dago Ushongo au Kipumbwi yumo chini ya sheria ya Bara, na kamati itakayomhusu ni ile ya Bunge la Dodoma, si ya Baraza letu la Wawakilishi. Wengi hukata tamaa hapa, wakidhani hawana mtu kule. Wanaye. Majimbo yetu yanapeleka wabunge Dodoma kama majimbo mengine, na barua ya mwanachama kwa mbunge wake ni halali kabisa.

2. SWALI MOJA LILILO WAZI

Kamati ikiulizwa, "Kwa nini samaki wamepungua?" itapata majibu mia, maana samaki si mmoja. Dagaa ana yake, pweza ana yake, kamba ana yake. Swali jema husema ni samaki gani, katika maji gani, tangu mwaka gani.

Sisi wakulima tumeliona jambo hili katika mikarafuu yetu. Wazee wametusimulia jinsi miti ilivyokuwa ikikauka, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Katika miaka ya 1940 na ya 1950 wataalamu waliofanya kazi Unguja na Pemba, miongoni mwao Bwana Nutman na Bwana Roberts, walibainisha kuwa maradhi yalikuwa mawili, tena tofauti. Moja huingia kwa majeraha, kama pale tawi linapovunjwa wakati wa kuchuma, likashuka na kuua matawi. La pili, lile la kufa ghafla, ni la kuvu iitwayo Valsa eugeniae, nayo hula mizizi. Majani hukauka juu, lakini ugonjwa uko chini ya ardhi. Aliyepogoa matawi ya mti wenye maradhi ya mizizi alijichosha bure. Basi na kamati isipotenganisha maradhi ya samaki, itatoa dawa ya tawi kwa ugonjwa wa mzizi.

Kwa ajili ya somo hili na tuchague swali moja: Je, kamba wa pwani ya Pangani na Saadani wamepungua tangu lini, na kwa sababu zipi?

3. MFUATE SAMAKI TANGU KUZALIWA KWAKE

Kamba hutaga baharini. Mayai yakishaanguliwa, watoto wake, wadogo kama chembe, huchukuliwa na maji mpaka midomoni mwa mito na ndani ya mikoko. Humo hula na kukua miezi michache, kisha hurudi bahari ya nje kuzaa. Umri wake wote ni kama mwaka mmoja au kupita kidogo. Kwa hivyo ana nyumba mbili, na ikibomoka moja, nyingine haimfai kitu.

Katika Bahari ya Pasifiki, upande wa Kanada na Marekani, yuko samaki mashuhuri aitwaye salmoni, mwenye mwenendo kinyume cha huo: huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mto ule ule kutaga na kufa. Watu wa kule wamejifunza kwa gharama kubwa kuwa huwezi kumchunguza salmoni kwa kutazama nyavu peke yake. Utatazama nyavu, na mto, na misitu ya kando ya mto, na mabwawa, na joto la maji.

Ndivyo ilivyo kwa kamba wetu. Mto Pangani huanzia maji yake Kilimanjaro na Meru, ukapokea mengine kutoka milima ya Upare na Usambara, ndipo ufike baharini. Njiani maji yake yana wenyewe wengi: bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, mtambo wa umeme wa Hale wa mwaka 1964, mtambo mpya wa Pangani wa mwaka 1995, na mifereji ya mashamba isiyohesabika. Mafuriko ya masika ndiyo huteremsha tope na chakula mikokoni, na maji matamu ndiyo husukuma chumvi nyuma. Wakulima wa kandokando ya mto, karibu na mji wa Pangani, wamekwisha kulalamika kuwa maji ya bahari yanapanda juu mpaka mashambani mwao.

Hatusemi kuwa bwawa ndilo lililowamaliza kamba. Tukisema hivyo tutakuwa tumehukumu kabla ya shahidi kusema. Tunasema kuwa kamati isipoita ofisi ya maji ya Bonde la Pangani, na shirika la umeme, na mabwana misitu wanaolinda mikoko, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ikaita wavuvi peke yao, basi mvuvi ndiye atakayeonekana mkosaji. Ni kwa sababu ndiye pekee aliyesimama mbele ya meza. Mtu wa Arusha anayemwagilia shamba lake huenda hajauona mkoko maishani mwake, naye hatahojiwa.

4. HESABU YA HAKI

Sasa tuingie hesabuni. Tuseme, kwa mfano tu, pwani fulani ilikuwa na ngalawa 10, na kwa siku zote pamoja huleta kilo 500. Kila moja basi hupata kilo 50. Baada ya miaka mitano ngalawa ni 25, na kwa siku huleta kilo 750. Karani wa samaki ataandika kuwa uvuvi umekua, kwani 750 ni zaidi ya 500. Lakini gawanya: kila ngalawa sasa hupata kilo 30. Mvuvi amepungukiwa na kilo 20 kila siku, na kitabu chasema mambo ni mazuri. Kwa hivyo kamati isikubali hesabu ya jumla pasipo kuuliza: vyombo vingapi, siku ngapi, nyavu za tundu gani?

Hesabu ya kweli ipo pia. Meli za kukokota kamba za pwani ya Tanzania Bara zilipata zaidi ya tani 1,300 mwaka 2003. Kufika mwaka 2007 walichopata kilikuwa kiasi cha tani 200. Mwisho wa mwaka huo Serikali ikasimamisha meli hizo. Mporomoko huu haukuhitaji darubini kuonekana. Swali ambalo kamati ingepaswa kuliuliza ni hili: katika miaka ile minne nani alikuwa akisoma hesabu hizi, na kwa nini mlango haukufungwa mwaka wa pili au wa tatu, wakati ng'ombe bado wako zizini?

Lakini kuna hatari ya upande wa pili, nayo ni kukimbilia hukumu kwa mwaka mmoja. Mwaka 2009, katika mto Fraser wa Kanada, salmoni wa aina ya sockeye walitarajiwa zaidi ya milioni 10. Waliorudi hawakufika milioni 2. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Bruce Cohen. Tume haijamaliza kazi, mwaka 2010 wakarudi samaki wapatao milioni 30! Wako waliosema jaji afunge jamvi aende nyumbani. Hakufunga, maana mwaka mmoja wa neema haufuti miaka mingi ya kupungua, kama mwaka mmoja wa ukame haufanyi jangwa. Taarifa yake ya Oktoba 2012 ilikuwa na mapendekezo 75, na haikumtaja mkosaji mmoja, kwa kuwa hakuonekana mmoja. Sisi tunaojua kuwa karafuu huwa na mwaka wa neema na mwaka wa haba hatuna haja ya kufundishwa sana hapa. Kamati na itake hesabu ya miaka kumi au zaidi, na pasipo na vitabu na iulize wazee.

5. WATU GANI WASIKIZWE, NA LINI

Wageni wa serikali hupenda kufika saa nne asubuhi, wakakutana na mwenyekiti wa kijiji na watu wenye viatu. Mvuvi saa nne hana viatu. Kamati ya uvuvi itazame mwezi kabla ya kutazama saa. Wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, wanaokwenda mwambani kutafuta pweza na chaza wako kazini, na wengi wao ni wanawake. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, na hupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa; siku hizo ndizo utawapata wana usingizi wa kutosha na maneno ya kutosha.

Wako pia watu wa dago. Hawa ndio mashahidi wanaosahauliwa kwanza na kulaumiwa kwanza. Kila kijiji, mambo yakiharibika, husema mgeni ndiye aliyeleta wavu mbaya. Pengine ni kweli, na ikiwa ni kweli na isemwe mbele yake apate kujibu. Lakini wengi wao hurudi nyumbani wakati wa kuchuma karafuu. Kamati ikipita Mwera mavuno yamepamba moto huku kwetu, itakuta dago ni majivu na vigingi vitupu, na itaandika ushahidi wa upande mmoja. Hili ndilo linalotugusa sisi hasa. Bahari ikifungwa kwa taarifa ya namna hiyo, mtoto wa mwanachama atafukuzwa ufukweni kwa kesi ambayo hakuitwa kusikilizwa.

Wasisahauliwe wanawake wanaokaanga na kuchuuza samaki. Nahodha hukumbuka siku aliyopata samaki wengi. Mkaangaji hukumbuka ukubwa wa samaki, maana anajua vipande vingapi vilitoka kwa mmoja mwaka ule na vingapi vinatoka leo.

Kusikiliza huku si ndoto. Kuanzia mwaka 1994 mpango wa hifadhi ya pwani ya Tanga ulikwenda vijijini na kuwauliza wananchi wenyewe matatizo yao na njia za kuyaondoa. Kipumbwi na Sange, kusini mwa Mwera, ni katika vijiji vilivyofanya kazi hiyo. Wananchi walikubaliana juu ya miamba ya kupumzishwa na doria za kulinda, na wakajifunza kukagua miamba pamoja na mabwana samaki. Makubaliano aliyoyatunga mwenyewe, mtu huyalinda hata polisi asipokuwapo.

6. SHERIA IPO, JE, INATEMBEA?

Kamati nyingi hupenda kumaliza kwa kusema, "Itungwe sheria." Kabla ya hapo na ivuke kutoka Ushongo ikitazame kisiwa cha Maziwe. Maziwe kilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, na kilikuwa mahali mashuhuri pa kasa kutaga mayai. Kilikuwa na miti. Miti ikakatwa, mawimbi yakaula mchanga, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimekwisha kuzama. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka. Tangazo lake halikuzama. Limo kabatini, kavu kabisa.

Ndivyo na baruti. Imekatazwa kwa sheria tangu mwaka 1970, na hata hivyo kwa miaka mingi baadaye pwani ya Tanga ilikuwa ikitikisika kwa milio yake. Kwa hivyo swali la kamati lisiwe "Kuna sheria?" Liwe: Wangapi walikamatwa? Wangapi walifikishwa kortini? Wangapi walihukumiwa? Bwana samaki ana boti? Boti ina mafuta? Kamati za ufukweni, zile zinazoitwa BMU, zimepewa nini cha kufanyia kazi zaidi ya jina?

7. TAARIFA YENYEWE

Taarifa njema huwa na sehemu tatu, tena zisichanganywe. Kwanza, yale yaliyothibitishwa, pamoja na ushahidi wake. La pili, yale yanayodhaniwa ambayo bado yataka utafiti. La tatu, yale yanayopendekezwa, na mbele ya kila pendekezo liandikwe jina la ofisi itakayolitenda, tarehe, na fedha itakapotoka.

Na hapa twatia mkazo. Kila dawa ya kurudisha samaki ina gharama, na kwa kawaida gharama humwangukia mwenye chombo kidogo. Bahari ikifungwa miezi mitatu, mwenye meli huipeleka bahari nyingine. Mwenye ngalawa hana pa kuipeleka. Haifai kusema "wavumilie" bila kusema watakula nini. Pendekezo lisilojibu hilo litavunjwa usiku, na mvunjaji atakuwa mtu mwema mwenye watoto wenye njaa.

Mwisho, kamati iahidi kurudi. Isome taarifa yake Mwera kwa Kiswahili chepesi, kama ilivyoisoma Dodoma, na baada ya mwaka iulize lipi limetendwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuziba ufa ni kazi ya kurudi na kutazama mara kwa mara.

WAJIBU WETU

Wanachama wenye vijana wanaokwenda dago na wafanye mambo matatu. Mosi, mwambieni kijana aweke daftari: tarehe, mahali, chombo, aina ya wavu, kilo alizopata, pamoja na siku alizorudi mtupu. Daftari la miaka mitatu ni shahidi asiyeweza kubabaishwa. Pili, akifika dago ajiandikishe kwa uongozi wa kijiji, asiwe mtu asiyejulikana. Tatu, ikisikika kuwa kamati inakuja, tuandike mapema kwa mbunge wetu kuomba tarehe ambayo watu wetu watakuwapo. Ofisi ya chama itasaidia kuandika barua kwa yeyote atakayetaka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA TAWI

1. Eleza tofauti ya jumla ya samaki waliopatikana na wastani wa kila chombo. Ipi humdanganya msomaji, na kwa vipi?
2. Kamba ana nyumba mbili. Taja ofisi zinazohusika na kila nyumba.
3. Kwa nini kamati isitoe hukumu kwa hesabu ya mwaka mmoja?
4. Maziwe kilikuwa hifadhi tangu 1975. Ni nini kilichokosekana?
5. Kama kamati ingekuja kuchunguza karafuu, ungependa ianzie wapi, na ije mwezi gani?

Tawi litakalolizungumza somo hili na lituletee majibu yake ofisini, hasa ya swali la tano, nasi tutayachapa katika toleo lijalo, Inshallah.

Wabillahi tawfiq.

KATIBU WA CHAMA